Mchi wa Pweza kutoka Kudhaa

Hafswa Mukhtari ni mwoga, na wote wanaomjua wanalijua hilo. Mlango ukibamizwa na upepo, yeye ndiye wa kwanza kuinama. Hakai chumbani akaupa mlango mgongo. Akisikia pikipiki ikizima injini nje ya ukuta, husita katikati ya maneno mpaka amsikie mwenye pikipiki akimwita mtu kwa jina. Wanafunzi wake humwigiza, naye huwaacha, kwa sababu anayechekwa haulizwi maswali.

Alizaliwa hapa Kismayo, akaondolewa akiwa mtoto vita vilipoingia mjini, ndani ya chombo kilichojaa watu wasiosema neno. Risasi hazikumbuki. Anachokumbuka ni ukimya ule, na kiganja cha mamake kilichomziba mdomo ingawa hakuwa akilia. Walishukia Mombasa, wakawekwa kambini, na siku moja alikuja huko bwana mmoja na karatasi kubwa ya plastiki, akaitundika ukutani mwa skuli. Ilikuwa na picha za vyuma: vingine vya mviringo kama birika, vingine vyembamba kama samaki, vingine vidogo kama mipira ya kuchezea. Bwana yule aliwaambia watoto: ukikiona kitu kama hiki usikiguse, simama, urudi kwa nyayo zako. Watoto wengi waliisahau karatasi ile kabla ya chakula cha mchana. Hafswa aliiota kwa miaka. Aliyajua maumbo yale kama wenzake walivyozijua herufi.

Alisoma historia huko huko pwani ya Kenya. Kismayo ilipotulia kidogo alirudi, mamake akimlilia kwenye simu, akaajiriwa na chuo kikuu kimoja cha hapa kuangalia makumbusho yake. Makumbusho ni jina kubwa kwa vyumba viwili vilivyokuwa ghala la samaki. Siku za joto harufu ya papa mkavu bado hutoka ukutani. Lakini ndani yake mna vigae vya vyombo vya Kichina vilivyookotwa kwenye magofu ya visiwa, ubao wa chombo kilichoshonwa kwa kamba, mbuzi za kukunia nazi, na kufuli la mlango ambao haupo tena. Walimu wa historia huwaleta wanafunzi wao wakae chini wakizunguke kitu kimoja, wakihoji kama wanavyomhoji shahidi: nani alikutengeneza, nani alikutupa, mbona ulivunjikia hapa na si pale? Watafiti hupima vigae na kubishana kuhusu umri wake. Na Hafswa hutia vitu vichache ndani ya sanduku lililotandikwa sponji, akavipeleka katika skuli za msingi za mjini na visiwani, maana watoto wengi wa Kibajuni waliozaliwa baada ya vita hawajui kama babu zao walikuwa na jambo jingine walilolijua zaidi ya kukimbia.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa somo la Alhamisi. Siku hiyo mzee mmoja hualikwa kuleta chombo chake cha kazi, akakitumia mbele ya wanafunzi. Mshona tanga hushona, msusi wa mikeka husuka. "Kitu kisichotumika ni maiti," Hafswa huwaambia wanafunzi. "Hapa tunataka kukiona kikiwa hai."

Ndiyo maana alimtaka sana Bimkubwa.

Bimkubwa ni mjane wa kisiwa cha Kudhaa, mwenye sauti ya kufika ng'ambo na mkono usio na mpinzani katika kupika pweza. Mwaka uliotangulia alikuwa amekuja na beseni la bati, zawadi yake kwa makumbusho. Sharif, mwalimu kijana ambaye ndiye mkuu wa pale, alilitazama akasema kwa adabu kwamba mabeseni kama hilo bado yako sokoni. Bimkubwa alilinyanyua juu ya bega, akalibwaga miguuni pake, likalia chumba kizima, akatoka. Kwao Kudhaa zawadi iliyokataliwa hairudi nyumbani. Hubwagwa pale pale ilipokataliwa, ili aibu ibaki na aliyekataa.

Hafswa hakutulia tangu siku hiyo. Mwishowe alivuka hadi Kudhaa, akiyaogopa maji njia nzima, akaketi jikoni kwa bibi huyo na kumwomba radhi.

"Tuletee chochote cha jikoni," alimsihi. "Cha zamani, ulichokitumia kwa mkono wako. Hatutakikataa, Bibi. Wallahi."

Bimkubwa alifikiri, halafu akacheka. "Basi nitawaletea mchi wangu wa pweza."

Hafswa hakuomba kuuona. Zawadi haikaguliwi kabla haijatolewa. Angefanya hivyo, angekuwa amemtukana mara ya pili.

Alhamisi ilipofika chumba kilijaa. Wanafunzi wa chuo walikaa nyuma, na mbele yao, magoti yakigusana, watoto wa skuli ya msingi waliokuja na mwalimu wao. Katikati palikuwa na meza fupi, juu yake ubao, juu ya ubao pweza mkubwa aliyevuliwa alfajiri. Bimkubwa alikuwa amejifunga leso kiunoni kama mtu anayekwenda kugombana. Kifurushi chake kilikuwa mapajani.

"Mume wangu wa mabeseni yupo?" aliuliza, macho yakizunguka chumba.

"Nipo, Bibi," Sharif akajibu kutoka mlangoni. "Nimetubu."

"Toba ya mwanamume huishia kizingitini."

Watoto waliangua kicheko. Hafswa naye alicheka, mgongo wake ukiwaelekea, kwa kuwa alikuwa akiandika ubaoni jina la somo la siku hiyo. Alisikia leso ikifunguliwa. Akasikia watoto wakisema "aah!" kwa pamoja. Akageuka.

Kilikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, kutoka kiwiko hadi vidole. Tumbo lake lilikuwa nene, limechongoka kwa mbele kama pua. Mkia mwembamba, na mwishoni mwa mkia mapezi madogo yaliyozunguka kama ya samaki. Bimkubwa alikuwa ameushika mkia, kwa namna mtu anavyoushika mpini aliouzoea. Chuma chote kiling'aa.

Hafswa alikijua kabla jicho lake halijamaliza kukitazama. Kombora la mota, lile la kurushwa kwa mzinga. Chaki ilimtoka mkononi, akaikanyaga bila kuisikia.

"Mwauona?" Bimkubwa aliwaambia watoto. "Mchi huu alinipa marehemu mume wangu, Faris, mwaka wa vita. Askari walipita kisiwani kwetu, wakaenda zao, wakaacha takataka zao ufuoni. Akaukuta mchangani. Akaniambia, Bimkubwa, hiki ni kipande cha mashine, lakini kimeumbwa kwa mkono wako. Na kweli. Mchi wa mti hupasuka. Huu haupasuki. Hajapita pweza Kudhaa akakaa mgumu mbele yangu."

Aliugeuza, nuru ya dirishani ikatembea juu ya tumbo la chuma.

"Ila ulikuwa mweusi kwa kutu. Nikasema, siendi kwa watu na kitu kichafu, wakaja kusema tena kwamba watu wa visiwani hawajui heshima. Nimeusugua kwa ndimu na jivu, kila nikimaliza sala nausugua. Hata hapa puani, palipokuwa pamekwama tangu nilipopewa, pameachia. Sikilizeni."

Akautikisa. Ndani ya pua ya chuma kitu kidogo kilicheza: tk, tk.

Watoto walifurahi. Mmoja aliomba atikise tena, naye akatikisa tena.

Hafswa alielewa, na kule kuelewa kulimshuka mwilini kama maji ya kisima. Miaka yote ile kutu ndiyo iliyokuwa mlinzi. Kutu ilikikamata kile kidude cha puani, pweza wakapondwa, harusi zikapita, wajukuu wakatambaa kando yake. Sasa mlinzi amesuguliwa akaondoka. Amesuguliwa kwa ajili ya makumbusho, kwa ajili ya yeye Hafswa aliyekwenda hadi jikoni kwa watu kuomba kitu cha zamani.

Alitaka kupiga kelele. Aliwatazama watoto waliobanana kati ya meza na mlango, akaona watakavyosimama wote mara moja, na meza itakavyopinduka. Alitaka kumwambia Sharif kwa Kisomali. Lakini Bimkubwa anakijua Kisomali kuliko wote waliokuwa chumbani. Hapakuwa na lugha ya kujificha. Zilikuwepo dakika chache tu, na mikono ya bibi kizee iliyokuwa ikiupitisha mchi kutoka kiganja hiki hadi kile, ikiupima uzito, ikimtazama pweza.

"Bibi," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akakohoa. "Kabla ya kumponda, pweza haoshwi?"

"Aoshwe na nini? Amezaliwa ndani ya maji, amekulia humo."

Kicheko kingine. Hafswa akajilazimisha kutabasamu.

"Hapa tunataka waone kila hatua. Maji ya bahari, yaliyotekwa sasa hivi. Sharif atawapeleka watoto ufuoni wakateke. Na wanafunzi wa chuo, na mwalimu wao pia."

"Watu wote hawa kwa ndoo moja?"

"Mgeni wa heshima hutekewa na wengi."

Sharif alifungua mdomo aseme kwamba nyuma ya jengo kuna pipa limejaa maji ya bahari. Akamtazama Hafswa, mdomo ukafungwa. Alikuwa amemwona akiogopa mara nyingi. Hakuwahi kumwona akiogopa huku anatabasamu. Hakujua kuna nini, lakini alijua kwamba kipo humu ndani.

"Haya, twendeni," aliwaambia watoto. "Mstari mmoja, polepole. Atakayekimbia hatarudi kumwona pweza."

Wakaanza kutoka, wakisukumana na kunong'ona, mmoja akirudi kuchukua kiatu chake. Hafswa aliwatazama wakipita karibu na kiwiko cha Bimkubwa, akawa anawavuta kwa macho. Hodan, mwanafunzi wake hodari wa mwaka wa pili, alibaki ameinua simu.

"Eeddo, nibaki nirekodi?" Wanafunzi wa Kisomali humwita hivyo, shangazi.

"Toka, Hodan."

"Si umesema kila hatua..."

"Hodan. Toka."

Msichana alishtuka, hajawahi kusemezwa hivyo. Akatoka, simu bado iko juu. Nyayo zilififia uani, kisha lango likalia. Chumba kikabaki na wanawake wawili na pweza.

"Naam," Bimkubwa alisema. Sauti yake kubwa ilikuwa imeshuka. "Sasa niambie. Wamekwenda kuteka maji, au umewafukuza?"

Macho ya Hafswa yalikuwa kwenye pua ya chuma.

"Umeukataa mchi wangu."

"Sikuukataa, Bibi."

"Nimekuja nao mapajani kutoka Kudhaa, mashine ya boti inanirusha kama mpira. Ulikaa jikoni kwangu, ukala changu, ukaapa. Na sasa macho yako ni yale yale ya mwenye mabeseni."

Akaunyanyua. Hafswa aliuona mkono ule ukipanda, ukapita bega, na alijua kinachofuata. Kitu kilichokataliwa hubwagwa pale pale. Chini palikuwa na saruji tupu.

"Sikuukataa!" alisema. "Nauogopa."

Mkono ulisimama hewani.

"Waogopa mchi?"

"Si mchi, Bibi. Ni bomu."

Bimkubwa alicheka, kicheko kifupi cha dharau. "Bomu! Mwanamke mwenzangu, mji huu umekuharibu. Nimepondea pweza wa harusi ya mwanangu kwa hiki. Nimepondea wa matanga ya mume wangu. Bomu gani lisilojua kazi yake?" Lakini huku akisema macho yalikuwa yameshaondoka kwa Hafswa. Yalikwenda kwenye mapezi ya mkia, yakapanda taratibu juu ya tumbo, yakafika puani, pale palipoachia. Kicheko kikamkatikia kooni. Ni mwanamke aliyeishi katika vita kama wengine. Vitu hivi alivisikia vikipita juu ya nyumba. Hakuwa amekiona kimoja kikiwa kimetulia.

"Faris alisema ni kipande cha mashine," alisema, kwa sauti ya mtoto.

"Ndivyo alivyojua."

Hapo ndipo Hafswa alipoogopa hasa. Miaka yote mkono ule haukujua, na kwa kutojua ulikuwa thabiti kama nguzo. Sasa ulijua. Mtetemo ulianzia kwenye kiwiko, ukashuka hadi kwenye kifundo, na ndani ya pua ya chuma kile kidude kikaanza kusema peke yake: tk, tk, tk, tk.

"Nitaliangusha," Bimkubwa alisema. "Mwanangu, nitaliangusha. Kimbia."

Miguu ya Hafswa ilitaka kukimbia. Ilikuwa ikitaka kukimbia tangu alipokuwa mtoto, kila siku, sokoni, darasani, msibani. Naye alikuwa amezoea kwenda nayo isikotaka. Akaizunguka meza. Jasho lilimwingia machoni, asithubutu kulipangusa.

"Sikiliza, Bibi. Mimi hutetemeka kila siku. Usishindane na mtetemo. Ukiuzuia unazidi. Uache mkono utetemeke, wewe vuta pumzi, kisha uitoe tushuke pamoja."

Akapitisha viganja vyake chini ya vya bibi kizee, kimoja chini ya mkia, kimoja chini ya tumbo la chuma. Kilikuwa cha vuguvugu kwa kushikwa. Kilinuka ndimu.

"Vuta."

Wakavuta.

"Toa."

Wakashuka kidogo. Tk, tk. Mikono minne ilitetemeka kila mmoja kwa mwendo wake, na kwa namna fulani mtetemo wa huu ukapunguza wa ule. Hafswa aliitazama saruji, akaitazama meza ya mvule ngumu kama jiwe, akaona hajui pa kukiweka.

"Juu ya pweza," Bimkubwa alinong'ona. "Ni laini."

Wakakilaza juu ya pweza. Kilizama polepole katika nyama ile yenye ute, kwa ubavu, kama mtu anayejilaza kitandani. Kikaelekea kuviringika upande wa dirisha. Bimkubwa akaushika mnyiri mmoja wa pweza, akauvuta akauegemeza pale. Hafswa akauvuta mwingine upande wa pili. Kikatulia.

Hawakugeuka. Walirudi kinyumenyume hadi mlangoni, wameshikana mikono yenye ute, macho yao juu ya ubao ule, na hata walipokuwa nje jua likiwapiga waliendelea kurudi hivyo hivyo mpaka migongo yao ikagusa ukuta wa mwisho wa uwanja.

Sharif alikuwa ameshapeleka watoto mbali, na Hafswa alipompungia mkono kwa ishara ya kuwaondoa wote, hakuuliza. Hafswa alipiga simu kwa watu wanaotegua mabomu. Uwanja ukawa mtupu. Jirani aliwapitishia juu ya ukuta maji kwenye kikombe cha plastiki; Bimkubwa alijaribu kunywa yakamwagikia kifuani. Hafswa alikuwa ameanza kulia bila sauti, kama wanavyolia watu waliofunzwa wakiwa wadogo kutolia.

Kisha bibi akakiweka kikombe chini.

"Maimuna," alisema.

"Nani?"

"Mdogo wangu, ninayekaa naye nyumba moja. Faris aliokota miwili. Mmoja alinipa mimi, wa pili akampa shemeji yake. Nimemwambia ausugue, aje nao Alhamisi ijayo. Nimemwachia na ndimu."

Hafswa alitoa tena simu, abonyeze nambari za Maimuna. Bimkubwa alizitaja moja moja, akakosea, akaanza upya. Simu haikushika. Haikushika tena. Mara ya tatu ililia upande wa pili, mbali, ikapokelewa. Sauti ya kwanza waliyoisikia haikuwa ya mtu.

Pu. Pu. Pu.

"Nani?" mwanamke alisema juu ya mlio ule. "Sema upesi, niko jikoni, mkono mmoja."

Bimkubwa alifungua mdomo. Hafswa akamshika bega kwa nguvu, akamnong'oneza sikioni: "Usimwambie ni nini. Akijua atatetemeka."

Bibi kizee alifumba macho. Alipoyafumbua uso wake ulikuwa ule ule uliokaripia visiwa vyote, ingawa machozi yalikuwa yakiutiririka.

"Maimuna! Wafanya nini na mchi?"

"Mchi hufanyiwa nini? Nacheza nao ngoma?"

Pu. Pu.

"Acha kwanza. Watu wa chuo wameupenda wangu. Wanautaka na wako, lakini hawataki uwe na alama mpya hata moja. Uweke chini."

"Nimalize huyu, umebaki mnyiri mmoja."

"Maimuna, usimalize. Uweke sasa. Polepole, kama yai. Nenda ukaulaze juu ya godoro langu."

Mlio ulikoma. "Juu ya godoro lako?"

"Langu."

"Na ute huu wa pweza?"

"Na ute wake."

"Bimkubwa, godoro ambalo wajukuu hawaruhusiwi kulikalia? Wamekulisha nini huko?"

"Ulaze. Ubavu. Usiubwage."

Wakasikia hatua, pazia likisogezwa, mguno wa mtu anayeinama. Hafswa alikuwa ameuma leso yake. Kila sauti ndogo iliyotoka kwenye simu ile ilikuwa ya mwisho, kisha ikafuata nyingine.

"Haya. Umelala kama bwana harusi. Umeridhika?"

"Sasa toka humo, funga chumba. Chukua watoto wote wa nyumba, na wa jirani, mwende kwa Fumo, mkae naye mpaka nipige." Fumo ni khatibu wa Kudhaa, nyumba yake iko upande wa pili wa kijiji.

"Watoto wanangoja chakula."

"Maimuna, lini nimekuomba kitu?"

"Kila siku ya Mungu."

"Basi na leo."

Halafu sauti ya Maimuna ikabadilika. "Bimkubwa. Kuna nini?"

Simu ikakatika.

Walipiga, haikushika. Walipiga tena. Bahari kati ya Kismayo na Kudhaa ilikuwa imetulia, haina habari. Bimkubwa alikuwa akisema kwa kunong'ona majina ya wajukuu, akifika mwisho anarudia, na Hafswa aligundua kwamba naye anayasema, watoto ambao baadhi yao hajawaona. Walikaa hivyo, migongo ukutani, mpaka kivuli cha ukuta kilipowafikia magotini. Ndipo simu ikalia. Alikuwa khatibu Fumo.

"Maimuna yuko kwangu na kundi la watoto," alisema. "Anasema dadake amerukwa na akili. Nimwambieje?"

Bimkubwa aliikabidhi simu kwa Hafswa. Hakuweza kusema.

Wategua mabomu walifika alasiri ile, wakahamisha watu wa mtaa mzima, wakautoa ubao na pweza wake kama ulivyo, hawakuthubutu kuvitenganisha. Walichimba shimo mchangani mbali na nyumba, wakavilipua humo. Kishindo kilipasua vioo viwili vya makumbusho na kuangusha kigae kimoja kutoka rafuni. Kombora la Kudhaa lilichukua siku zaidi, kwa kuwa watu hao hawakuwa na chombo cha kuvukia bahari. Muda wote huo nyumba ya Bimkubwa ilibaki imefungwa, kuku wakitaga uani bila wa kuokota mayai, na watu wakipita njia ya mbali kwenda msikitini.

Sharif alisema somo la Alhamisi lisimame. Hafswa, ambaye wote walidhani ndiye atakayefurahi, alikataa. "Tumewaomba watu vitu," alisema. "Sasa twende tukavitazame huko huko viliko, kabla hawajavisugua."

Huko ndiko anakokwenda siku hizi, na Bimkubwa huenda naye, kwa sababu Bimkubwa ndiye anayejua mumewe alikuwa mtu wa namna gani. "Faris hakula kitu peke yake," alimwambia siku moja garini, wakielekea ufuoni. "Aliniambia miwili. Lakini najua tabia yake. Angeokota kumi, angegawa tisa." Basi wanakwenda kisiwa cha Fuma, wanakwenda Darakasi. Hafswa hutapika chombo kinapokata mawimbi, huteremka rangi imemtoka. Hawaulizi watu wana nini cha kale. Huketi jikoni, huuliza wanapondea nini, wameegemeza mlango kwa kitu gani, chuma gani kimefungwa kwenye kamba ya nyavu.

Darakasi walimkuta mwanamke akichagua mchele kizingitini, mtoto amelala mgongoni pake. Aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho, vidole vyake bado viko kwenye ungo.

"Kwa hiyo mmetoka Kismayo mpaka hapa," alisema, "kuja kutuogopesha?"

"Ndiyo," Hafswa alisema.

Mwanamke aliuweka ungo chini, akageuza shingo taratibu, akatazama jikoni kwake.